Matundu kwenye Karatasi ya Jirani

Kambi ya mafunzo,
Tarehe 3 Machi

Bibi,

Shikamoo. Nimefika salama. Simu zetu zimefungiwa kwenye sanduku la chuma mpaka kozi iishe, ndiyo maana unaona karatasi. Dereva wa lori la maji hupita mtaani kwetu kila baada ya siku chache na amekubali kubeba barua. Mwambie Mkunga akuandikie majibu, na umwonye asiongeze mambo yake.

Hapa palikuwa kiwanda cha matofali. Tunalala kwenye banda walilokuwa wakianikia matofali mabichi, wanawake watano upande huu wa pazia, wanaume kumi na sita upande ule. Kulenga shabaha tunajifunzia ndani ya shimo walikochimba udongo, kwa sababu ukuta wa udongo unameza risasi. Mkufunzi ni sajini mstaafu, mfupi, shingo hana, na kwa siku anasema maneno manne: macho yote mawili wazi.

Wanaume wa hapa ungewacheka mpaka ukae chini. Ukiwasikiliza, kila mmoja alizaliwa ameshika bunduki. Mmoja tunamwita Mwindaji, maana alijiita hivyo mwenyewe kabla hajaulizwa. Anasema babu yake aliua nyati kwa risasi moja. Hiyo ilikuwa asubuhi. Kufika jioni nyati walikuwa wawili. Alipopewa bunduki tupu aishike tu, aliishika kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa mwenzake na mtoto ameshalowa. Kaniuliza kama nimekuja kupika. Nimemwambia ndiyo, nimekuja kupika, nilikuwa natafuta kuni na sasa nimeiona.

Kozi ni wiki nane. Mwisho kuna mtihani: risasi kumi, kila mtu karatasi yake, saba ziingie ndani ya duara. Ukipata, unaajiriwa mlinzi wa msitu. Ukikosa, unarudishwa kwenu na begi lako. Mimi sirudi, Bibi. Nakupenda, lakini siwezi kuzeeka nina sufi ya magodoro puani.

Mjukuu wako.


Nyumbani,
Tarehe 9 Machi

Mjukuu wangu,

Marahaba. Anayeandika ni Mkunga, huyu huyu jirani yetu, anayedai tangu astaafu kuzalisha watu mikono inamwasha kwa kukosa kazi. Nimemwambia aandike ninavyosema, asipake mafuta. Akipaka nitajua, maana lazima anisomee mara mbili.

Kwa hiyo watu wazima ishirini na mmoja wamelala kwa matumbo ndani ya shimo, wanatoboa karatasi kwa mbali. Karatasi imewakosea nini? Mimi natoboa godoro kwa sindano ndefu kama mkono wa mtoto, mara mia tatu kwa siku, kila tundu mahali pake, na sijawahi kuvalishwa kofia kwa hilo. Wala nikitoboa sipigi kelele za kufukuza ndege.

Na huyo Sajini. Mtu mwenye maneno manne nani alimruhusu kufundisha? Kasuku wa mwenye duka ana maneno saba, na mawili ni matusi mazuri.

Mwindaji namjua bila kumwona. Babu yako, apumzike anakopumzika, alikuwa na maneno kama hayo hayo kuhusu panya. Kila jioni alikuwa ameshawamaliza. Tuliishi na panya miaka thelathini.

Neno lako la sufi nimelisikia. Mkunga alitaka kuliruka, nikasikia sauti imekwama, nikamwambia soma. Sufi hiyo ndiyo iliyokuvisha na kukulisha, na puani haikukaa, ulikuwa ukipiga chafya inatoka. Lakini sawa. Ukiyavulia maji nguo huna budi kuyaoga. Ila najua utarudi. Sikuombei mabaya, najua tu. Ulipokuwa mdogo ukimrushia jiwe paka aliyeiba nyama, paka alikuwa anakaa kutazama, sisi tuliosimama kando ndio tuliokimbia.

Kazi huku inaenda vizuri. Simhitaji mtu. Kula.

Bibi yako.


Kambi ya mafunzo,
Tarehe 19 Machi

Bibi,

Shikamoo, na mwambie Mkunga mwandiko wake unasomeka kuliko wa mwalimu wangu wa zamani.

Tumeanza risasi za kweli. Naendelea vizuri sana. Nikimaliza kupiga, Sajini hasemi kitu, na kwa mtu wa maneno manne hiyo naihesabu sifa. Viwiko vimechubuka kwa sababu tunalalia kokoto na mkeka ni jina tu. Bega la kulia limekuwa rangi ya bilinganya. Bunduki ikilia inakupiga teke, halafu inakaa kimya kama si yenyewe.

Mwenzangu mmoja alikuwa msusi kabla ya kuja hapa, tunamwita hivyo hivyo, Msusi. Anapata nane kati ya kumi. Hajawahi kugusa bunduki maishani, kwa hiyo anafanya anachoambiwa. Wanaume hawawezi, wana mengi wanayoyajua. Mmoja anafumba macho yote mawili kabla ya kuvuta, kisha anafumbua na kuuliza, "Imepata?" Mwingine anaongea na risasi. Anaibembeleza, anaibusu, anaitia ndani, inakwenda kuua udongo.

Lakini kiboko ni Mwindaji. Analala mkeka wa kushoto kwangu, kwa hiyo namsikia akipumua kama ng'ombe anayepanda kilima. Juzi tulipewa risasi kumi kumi. Karatasi yake ikarudi na matundu kumi na matatu. Akasema ni damu ya babu yake, risasi za ukoo wao huzaa njiani. Wenzake wakampigia makofi. Wanaume kumi na watano, hakuna hata mmoja aliyekumbuka kuhesabu. Sajini aliitazama ile karatasi, akaikunja, akaondoka.

Mimi niko vizuri. Usiulize idadi, idadi si kila kitu.

Mjukuu wako.


Nyumbani,
Tarehe 25 Machi

Mjukuu wangu,

Marahaba. Nimesomewa kurasa zako mbili. Risasi za Msusi nimezijua, nane. Za Mwindaji nimezijua, kumi na tatu, na ujinga wake juu. Zako ziko wapi? Mtu aliyeshiba hasemi chakula si kila kitu.

Unamdanganya nani? Siku ulipokata kitambaa cha mteja vipande viwili nilikuuliza nani kakata, ukaanza kunieleza mawingu ya siku ile. Nimekulea mimi tangu ukiwa wa kubebwa. Ukidanganya unakuwa mchangamfu, na barua yako imechangamka kupita kiasi.

Sema ukweli. Mkunga anasema mficha uchi hazai, na yeye amewaona wengi wakijaribu.

Na unieleze hiyo bunduki unaishikaje, hatua kwa hatua, kama unamweleza mpumbavu. Mimi ni fundi. Kitu kikienda kombo kuna mahali mkono umekosea, na mahali hapo panatafutwa, hapaombewi. Huyo Sajini kama hawezi kupatafuta, nitapatafuta mimi nikiwa nimekaa kwenye kiti changu, na bila sare.

Huku kazi tele. Kula, viwiko vitapona.

Bibi yako.


Kambi ya mafunzo,
Tarehe 2 Aprili

Bibi,

Sifuri.

Haya, umefurahi? Tangu tuanze, karatasi yangu imepata tundu moja, na hilo Msusi anadhani alilitoboa yeye kwa bahati mbaya alipokuwa akiibandika. Nyingine zote zinarudi nyeupe kama shuka la hospitali. Mwindaji ananipitia anaimba. Anasema risasi za wanawake zina haya, hazipendi kutazamwa. Cha kunichoma ni kwamba yeye hata kukaza kitako cha bunduki begani hajui, na anapata, kila siku anapata, na siku nyingine anapata kuliko alizopewa.

Umeuliza ninavyoshika. Mwisho wa mtutu kuna kijisindano cha chuma kimesimama. Huku karibu na jicho kuna mfereji mdogo. Unaweka kijisindano katikati ya mfereji, unakipeleka chini ya duara, unabana pumzi, unavuta polepole. Kitako kinakaa bega la kulia, kwa watu wote, hakuna mjadala, Sajini amesema bunduki zimetengenezwa hivyo. Na macho yote mawili wazi, kwa sababu msituni mtu anaweza kukutokea upande wowote.

Nafanya yote hayo, Bibi. Naapa. Naliona duara safi, nakiona kijisindano safi, najua kabisa kwamba nimepata. Karatasi inarudi nyeupe. Siku moja nikafanya kwa siri, nikafumba jicho la kushoto nibaki na la kulia. Kila kitu kikawa kama kimemwagiwa maziwa. Nikalifumbua haraka kabla Sajini hajaniona.

Zimebaki wiki tatu na siku chache. Sajini ameniambia leo, na alitumia maneno zaidi ya manne: nisipopata saba, lori la maji litanirudisha. Sijawahi kutaka kitu kama ninavyoitaka kazi hii. Nilipokuwa nashona nilikuwa nahesabu matundu yaliyobaki. Hapa, hata nikikosa, sihesabu saa.

Usicheke.

Mjukuu wako.


Nyumbani,
Tarehe 7 Aprili

Mjukuu wangu,

Sikucheka.

Rudi nyumbani. Umejaribu, yatosha. Kuna vitu mwili unavikataa na huwezi kuulazimisha. Bunduki si kitu cha watu wa kwetu. Usingoje mtihani, usiwape wale wapiga chuku nafasi ya kukuona ukipanda lori. Panda wewe mwenyewe, kichwa juu.

Sindano zako ziko pale pale ulipoziacha.

Bibi yako.

Mimi Mkunga naongeza hapa chini bila ruhusa. Nilipomsomea pale ulipofumba jicho la kushoto na kuona maziwa, aliniambia nirudie mara tatu. Kisha akaniuliza kile kitambaa cha mistari ya bluu kiko wapi. Sijui kitambaa gani. Akaanza kusema jambo, nikaandika mstari mzima, akaniambia futa. Nimefuta. Jambo la pili: tangu uondoke ameshona godoro moja tu, na nyuzi zote nilimtungia mimi, kwa sababu haoni tena tundu la sindano. Hakutaka ujue. Mimi si mtu wa kukuambia urudi au ubaki. Ila barua hii uisome ukijua hayo.


Nyumbani,
Tarehe 11 Aprili

Mjukuu wangu,

Mkunga amekiri kwamba aliongeza maneno. Tumegombana, nikamfukuza, akarudi baada ya saa moja kuchukua miwani yake, akakaa. Akanitazama kama anavyowatazama wasichana wanaomwambia hawana mimba. Basi nasema, naye anaandika, na leo hatufuti.

Ulizaliwa mashoto. Hujui, kwa sababu nilihakikisha hujui. Kijiko kushoto, mkasi kushoto, ukimpa mtu kitu unampa kwa kushoto. Ulikuwa na miaka minne. Siku moja alikuja mke wa mwenye duka, yule mwenye pua kama bomba la mvua, ukampelekea kitambaa chake vizuri kabisa, na tabasamu. Akakataa kukipokea mkononi mwako. Akasema, "Weka chini kwanza." Nilipaswa kumtupa nje na kitambaa chake. Badala yake nikakufunga wewe. Nilichukua ukanda wa kitambaa cha godoro, cha mistari ya bluu, nikaubana mkono wako wa kushoto ubavuni, asubuhi mpaka jioni, miezi minane. Ulilia wiki mbili. Kisha ukanyamaza, nami nikajisifu mtaani kwamba nimekunyoosha.

Mkono niliufunga. Jicho halina mahali pa kufungia. Miaka yote hiyo uliponitungia sindano ulifumba la kulia na kutazama kwa la kushoto. Mara kumi kwa siku nilikuona. Nilikuwa najisemea, acha, limebaki hilo tu, halionekani na wateja.

Sasa nisikilize kama fundi. Jicho lako linalenga kwa upande wake. Bega liko upande mwingine, upande niliokupa mimi. Umekishika kijisindano kwa jicho ambalo haliko nyuma ya bunduki. Unaliona duara lako sawasawa, mtutu unatazama kando. Kando wapi? Kushoto. Na kushoto kwako amelala nani?

Risasi za ukoo wake hazizai njiani, mwanangu. Zile tatu ni zako. Na nyingine zake nyingi anazoimbia pengine ni zako pia. Kitako kihamishie bega la kushoto.

Bado nina neno. Nilijua haya tangu barua yako iliposomwa mara ya kwanza, kabla Mkunga hajaikunja. Nilijua, nikakuandikia rudi. Nilitaka jicho lako kwa ajili ya sindano zangu. Nimewadharau watu wote wa shimo hilo mmoja mmoja, na mjinga wao mkuu alikuwa amekaa hapa anakunywa chai. Nyani haoni kundule, na mimi siku hizi sioni hata tundu la sindano.

Usinijibu kwa huruma. Nikisikia huruma nitaichana barua.

Bibi yako.


Nyumbani,
Tarehe 11 Aprili

Kwa Sajini wa kambi,

Hunijui. Mimi ni bibi wa yule msichana ambaye karatasi yake inarudi nyeupe. Sijasoma, anayeniandikia ni jirani, kwa hiyo ukiona neno zuri ni lake na ukiona la kweli ni langu.

Mjukuu wangu ni mashoto. Mkono nilimharibu mimi alipokuwa mtoto, hilo si lako, nitalibeba. Lakini jicho umelikuta wewe, na wiki sita hukuliona. Wewe ni mtu wa kuhesabu risasi. Unampa mtu kumi, analeta matundu kumi na matatu, unakunja karatasi unaondoka. Mimi mteja angeniletea sufi ya godoro moja na nikamrudishia magodoro mawili, ningeuliza hiyo ya pili nimeitoa wapi.

Mlaze yule binti kwa upande wake. Ukisema bunduki zimetengenezwa kwa watu wa kulia, na milango nayo imetengenezwa kwa watu wenye shingo, lakini wewe unapita.

Fundi wa magodoro.


Kambi ya mafunzo,
Tarehe 17 Aprili

Kwa Fundi wa magodoro,

Nimefundisha kulenga shabaha miaka ishirini na sita. Nimeandikiwa na wakubwa, na wake za askari, na mara moja na mfungwa. Fundi wa magodoro ni wa kwanza.

Kwanza, kambi hii haina wa kushoto na haijawahi kuwa naye. Bunduki zetu hutema ganda la risasi kulia. Ukiiweka bega la kushoto, ganda la moto linapita mbele ya uso wako na kwenda kwa mwenzako. Si ukaidi wangu, ni chuma.

Pili, sikubali kusahihishwa na mtu ambaye hajawahi kukanyaga shimo langu.

Tatu, asubuhi ya leo nilimpa jirani wa kushoto wa mjukuu wako risasi mbili badala ya kumi, nikamwambia asimwambie mtu. Mjukuu wako nilimpa kumi. Karatasi ya jirani ilirudi na matundu tisa. Jirani akaja kudai sifa za yote tisa.

Mjukuu wako amehamishiwa mkeka wa mwisho kulia, ambako ganda likiruka halimkuti mtu. Ana siku tisa za kujifunza upya kitu ambacho wenzake wamejifunza kwa wiki saba. Sioni akiweza. Nimemwambia hivyo.

Shingo ninayo. Imeingia ndani kwa sababu ya baridi.

Sajini.


Kambi ya mafunzo,
Tarehe 27 Aprili

Bibi,

Shikamoo. Umeona nimechelewa kujibu. Haikuwa kazi, ilikuwa hasira. Niliisoma barua yako nyuma ya tanuri la matofali, nikaikunja, nikakaa siku tatu sitaki hata kumtazama dereva wa lori. Miezi minane. Kile kitambaa cha mistari ya bluu nimekiota maisha yangu yote, nikadhani ni ndoto tu, ndoto ya mtu aliyelala vibaya. Nikajiuliza ni mangapi mengine ninayoyafanya vibaya kwa sababu nayafanya kwa mkono wako.

Kisha nikakumbuka kwamba ungeweza kunyamaza. Nilikuwa nimeshafunga begi, Bibi. Maneno ya Mkunga kuhusu tundu la sindano yalinimaliza, nilikuwa narudi. Ungengoja siku mbili tu ungenipata, na nisingejua kamwe.

Siku ya kwanza bega la kushoto lilikuwa kama kuandika kwa mguu. Siku ya pili pia. Komeo la bunduki liko upande usiofaa, ilibidi niuvushe mkono juu kila risasi, na maganda ya moto yalinichoma shavu mara mbili. Msusi akanifunga kitambaa usoni, nikawa kama jambazi. Siku ya nne, karatasi ikaja na tundu moja. Lilikuwa ukingoni kabisa, nje ya duara, baya. Nililitazama mpaka Sajini akaniambia nisilimalize.

Jana ilikuwa mtihani. Kati ya wanawake watano wamepita wanne, na mmoja wao ni mimi. Kati ya wanaume kumi na sita wamepita saba, na mmoja wao si Mwindaji. Bila mimi pembeni yake alipata mbili. Akasema karatasi imewekwa vibaya. Akasema upepo. Mwishowe akasema babu yake hakuwahi kutumia bunduki ya aina hii. Nilimwambia amsalimie babu, na wale nyati.

Nimepata tisa, Bibi. Ya kumi sijui ilikwenda wapi, nimewauliza majirani wote. Sajini aliishika karatasi yangu, akahesabu kwa kidole, akahesabu tena. Halafu akasema maneno manne mapya: "Mpelekee fundi wa magodoro."

Ndiyo hiyo ndani ya bahasha. Natakiwa msituni wiki ijayo. Nikipata likizo nitakuja, na nitakutungia sindano za mwaka mzima, nizipange kwenye ubao na nyuzi zake. Sijamaliza kukukasirikia. Hasira hiyo nitakuja nayo pia.

Mjukuu wako.


Nyumbani,
Tarehe 4 Mei

Mjukuu wangu,

Marahaba. Njoo na hasira yako, nitaitandikia.

Tisa nimezisikia. Nimemwambia Mkunga asome hapo mara nne, akasema koo limekauka, nikampa maji akaendelea. Alitaka niseme neno zuri juu ya bunduki. Sina. Kelele zote hizo, udongo wote huo, watu wazima na viwiko vya damu, ili kupata matundu ambayo ncha ya kidole changu kidogo haiingii vizuri. Mke wa mwenye duka alikuja kuulizia godoro lake. Nimemwambia mjukuu wangu mashoto ameajiriwa, mwenye bunduki, na kama ana kitambaa cha kunipa aweke chini kwanza. Ameondoka. Mkunga anasema nimepoteza mteja. Nimempoteza miaka kumi na tisa baadaye kuliko ilivyotakiwa.

Matundu ya karatasi yako siyaoni, hilo unalijua sasa, sina sababu ya kuficha. Mkunga akanishika kidole akakipitisha juu yake, na matundu nikayapata. Saba yamebanana kama watoto kitanda kimoja. Mawili yamekaa pembeni yanajifanya hayawajui wenzao. Kazi safi. Ingekuwa godoro ningelipitisha.

Jana Mkunga alipokwenda kwake nilikaa na karatasi hiyo magotini. Nikachukua uzi wa godoro, nikailamba ncha, nikaupeleka kwenye tundu la kwanza. Ukapita. La pili, ukapita. Nimeshona yote tisa, mwenyewe, bila kumwita mtu. Ni mara ya kwanza tangu uondoke.

Kisha nikaufumua wote, nikaanza upya kwa mkono wa kushoto. Nilitaka tu kujua. Kufika tundu la tatu jua lilikuwa limeshaondoka dirishani, uzi umeloa kwa jasho, na nilikuwa namtukana kila mtu.

Ni vigumu, mwanangu. Nami sikufungwa na mtu.

Bibi yako.